Safari ya Zimbabwe: Magofu Kwanza, Wanyama Baadaye

Kila likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, wasomaji huuliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Nataka kutoka nje ya nchi, nione mji wa kale na wanyama katika safari moja, bila kwenda Misri wala Ulaya, na bila kurudi na madeni. Niende wapi, na nianzie wapi?

Jibu langu ni Zimbabwe. Ukiingia kwa Harare na kutokea Victoria Falls, njiani unapita magofu ya Zimbabwe Kuu, magofu ya Khami, vilima vya Matobo vyenye michoro ya mapangoni, Hifadhi ya Taifa ya Hwange, kisha maporomoko yenyewe. Magari hupita kushoto kama kwetu, na ugali upo kila kona, ingawa wao wanauita sadza.

Kosa kubwa nalitaja mapema, maana ndilo linaloharibu safari nyingi za watu wetu: kutenga siku sita kwa wanyama na saa moja kwa magofu. Fanya kinyume. Magofu yapewe muda kwanza, mwili ukiwa na nguvu na kichwa kikiwa kimetulia, ndipo uende porini.

## "Kwetu kuna Serengeti, Hwange nikafanye nini?"

Swali la haki. Kama umeshafika Serengeti, Ruaha au Maasai Mara na shida yako ni kuhesabu simba, usisafiri mbali hivyo. Hwange ina mambo mengine:

- Unakaa kwenye jukwaa la mbao juu ya lambo, kimya, na wanyama wanakuja wenyewe. Huzunguki ukifukuzana na magari mengine.
- Unaweza kutembea kwa miguu porini ukiwa na mwongozaji mwenye bunduki na leseni.
- Mbwa mwitu, ambao sehemu nyingi za kwetu wamekuwa adimu, bado wana makundi huko.
- Na kabla ya Hwange, ukiwa Matobo, unaweza kumfuata faru kwa miguu na askari wa hifadhi.

Na wale wanaosema magofu ni mawe tu, naomba wasome hadi sehemu ya Zimbabwe Kuu kabla ya kukata shauri.

## Nyaraka kwanza, tiketi baadaye

Watu hukata tiketi, halafu ndiyo wanafungua pasipoti na kukuta imebaki na miezi minne. Anza hivi:

1. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu mbili au tatu. Ukipanga kuvuka kwenda Zambia na Botswana na kurudi, mihuri inakula kurasa haraka.
2. Kitambulisho cha taifa kinachokuvusha Malaba au Gatuna hakikuvushi Chirundu. Hati za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizo pasipoti nazo hazifanyi kazi huko.
3. Viza: Watanzania, Wakenya na Waganda kwa muda mrefu wamekuwa wakiingia Zimbabwe bila viza. Hata hivyo, ulizia ubalozini mwezi mmoja kabla, kwani masharti hubadilika. Wasomaji wenye pasipoti za Ulaya au Marekani waulizie viza ya pamoja iitwayo KAZA, inayofungua Zimbabwe na Zambia kwa siku 30 na kuruhusu ziara ya siku moja Chobe, Botswana.
4. Kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Ukichanjwa leo na kusafiri kesho kutwa, kadi yako haijaanza kazi. Watanzania wanaodhani haiwahusu waibebe pia, maana njia ya nchi kavu ina mipaka zaidi ya mmoja na kila mmoja una afisa wake.
5. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa, na barua ya mzazi asiyesafiri iliyogongwa muhuri wa wakili.
6. Bima ya safari inayolipia kusafirishwa kwa ndege hadi hospitali kubwa. Kutoka katikati ya Hwange hadi kwa daktari bingwa ni mbali, na wengi hununua bima ya bei rahisi isiyokuwa na kipengele hicho.

Piga picha kila karatasi, uihifadhi kwenye simu na kwa ndugu mmoja nyumbani.

## Fedha

Zimbabwe ilianzisha sarafu yake iitwayo ZiG mwezi Aprili 2024, lakini mgeni hulipia mambo mengi kwa dola ya Marekani. Tatizo ni chenji. Ukitoa noti ya 50 kununua maji ya dola moja, utaondoka bila chenji au bila maji.

- Beba noti za 1, 5 na 10 kwa wingi. Ziombe benki wiki mbili kabla, usingoje siku ya safari.
- Noti ziwe safi. Iliyochanika au kuandikwa kalamu inaweza kukataliwa.
- Kadi ya benki inafanya kazi kwenye hoteli kubwa na baadhi ya maduka. Huduma zetu za kutuma pesa kwa simu usizitegemee.
- Usibadilishe fedha mtaani, hata kama bei ni nzuri kiasi gani.

Viingilio vya hifadhi huwa na madaraja: wenyeji, watu wa nchi za SADC, na wageni wengine. Mtanzania na Mkongo wako ndani ya SADC, Mkenya na Mganda hawamo. Mtanzania anayesahau pasipoti hotelini hulipishwa kama mgeni kutoka mbali, na hakuna wa kumlaumu. Fika getini na pasipoti mkononi.

## Mwezi gani?

Mvua huko hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi. Nyasi zinakua, wanyama wanatawanyika, barabara za ndani zinateleza. Kwa safari yenye magofu na wanyama pamoja, chagua kati ya Juni na Septemba.

Kuna jambo watu wa pwani hawaliamini mpaka liwakute: Juni na Julai alfajiri ya Hwange ni baridi kali, wakati mwingine inakaribia kuganda, na gari la kutazamia wanyama liko wazi pande zote. Beba koti zito, kofia ya sufu na glavu. Saa sita mchana utazivua zote. Oktoba ni kinyume chake: joto kali mno, ingawa ndipo wanyama wanapojaa zaidi kwenye maji.

Wanaotaka maporomoko yakiwa yamejaa waende Aprili au Mei. Oktoba na Novemba upande wa Zambia sehemu kubwa ya mwamba hubaki kavu.

## Kufika na kuzunguka

Ndege za kwenda Harare zipo kutoka Nairobi na Dar es Salaam. Ratiba hubadilika, kwa hiyo linganisha bei ya kuingilia Harare na kutokea Victoria Falls au Livingstone. Kurudi Harare kwa ajili ya ndege ni kupoteza siku nzima na mafuta.

Kwa nchi kavu, njia ya kawaida ni Tunduma, Lusaka, kisha Chirundu au Livingstone. Basi hufika, lakini Tunduma ina foleni ndefu za malori, na ni safari ya kuchosha. Treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ina utamu wake kwa mwenye muda. Uliza stesheni kama treni ya abiria inasafiri kabla hujajenga ratiba juu yake.

Ndani ya Zimbabwe, ushauri wangu ni kukodi gari lililoinuka, mkiwa watu watatu au wanne wa kuchangia gharama. Mambo ya kushika:

- Usiendeshe usiku. Ng'ombe na punda hulala barabarani, na karibu na Hwange tembo huvuka lami bila taa.
- Vizuizi vya polisi na vituo vya kulipia barabara ni vingi. Simama, salimia, toa leseni, omba risiti.
- Jaza tangi Bulawayo. Usingoje taa ya mafuta iwake.
- Kampuni ya kukodisha ikupe barua ya kuvuka mpaka kama unakwenda Zambia au Botswana. Bila hiyo gari halipiti.

## Zimbabwe Kuu: ipe asubuhi mbili

Magofu haya yapo kama kilomita 30 kutoka mji wa Masvingo. Ulikuwa mji mkuu wa dola ya mababu wa Washona, uliostawi kati ya karne ya 11 na ya 15, na tangu mwaka 1986 ni Urithi wa Dunia. Kwetu una jambo la ziada. Ndani yake ilipatikana sarafu ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga Husuni Kubwa katika karne ya 14. Dhahabu ya nyanda hizi ilishuka hadi bandari ya Sofala, ikapanda jahazi hadi Kilwa; vyombo vya China na Uajemi vikarudi njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kama uko Tanzania na hujafika Kilwa Kisiwani, nenda huko kwanza. Utaielewa Masvingo mara mbili.

Siku ya kwanza

Fika Masvingo jioni ya siku iliyotangulia, ulale karibu. Getini uwepo linapofunguliwa. Kisha:

1. Panda kilimani kwanza, kabla jua halijapanda. Kuna njia mbili. Ile ya zamani hupenya kati ya miamba, na mahali pengine ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Panda kwa hiyo, shuka kwa ile mpya iliyo rahisi. Mwenye magoti mabovu apande na kushuka kwa njia mpya, hakuna aibu.
2. Juu, kaa nusu saa bila kupiga picha. Tazama Uzio Mkubwa, ule ukuta wa mviringo kule bondeni, halafu angalia jinsi wajenzi walivyounganisha ukuta na mwamba wa asili mpaka hujui kipi kiliishia wapi.
3. Shuka, pumzika kivulini, kula. Mchana ingia makumbusho. Hapo ndipo walipo ndege wa jiwe la sabuni, aina ya jiwe linalochongwa kule Kisii. Ndege wanaojulikana ni wanane; watano waliokuwa wamepelekwa Afrika Kusini walirudishwa mwaka 1981.

Siku ya pili

Ingia Uzio Mkubwa asubuhi. Ukuta wa nje una mzingo wa mita kama 250 na mahali pengine unafika kimo cha mita 11, wote wa mawe ya graniti yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Watu wengi huingia, hupiga picha mbele ya mnara wa mawe ulio ndani, hutoka. Wewe fanya hivi:

- Pita ule ujia mwembamba ulio kati ya kuta mbili hadi kwenye mnara. Nyoosha mikono bila kugusa. Nafasi inakubana kulia na kushoto, na juu unaona ukanda tu wa mbingu. Mwelekeze mtoto aone jinsi ukuta unavyopungua upana kadiri unavyopanda. Ndiyo sababu haujaanguka.
- Tazama chini kwenye kitako cha ukuta utafute matundu ya kutolea maji ya mvua. Mafundi walijua kwamba adui wa ukuta mkavu ni maji yaliyotuama nyuma yake.
- Toka nje, zunguka hadi upande wa nyuma ya mnara, inua macho. Juu kabisa kuna safu mbili za mawe yaliyolazwa kwa mshazari, yakikutana pembe kwa pembe, yakiufuata ukuta kwa makumi ya mita. Ukiwa ndani hulioni pambo hilo. Waliolipanga walilikusudia kwa anayekuja kutoka nje.
- Linganisha sehemu ambazo mistari ya mawe imenyooka na zile ambazo mawe yamekaa bila mstari. Ni kazi ya vizazi tofauti vya mafundi.

Wageni huuliza ndani ya mnara kuna nini. Hakuna kitu; ni mawe matupu hadi katikati. Wachimbaji wa zamani waliotafuta hazina waliharibu mengi na hawakuipata.

Mwongozaji

Kodi mwongozaji wa hapo hapo getini, mkubaliane bei na muda kabla hamjaanza. Muulize kuhusu Richard Hall, aliyekwangua tabaka za udongo zilizobeba historia mwanzoni mwa karne ya 20, na kuhusu Gertrude Caton-Thompson, ambaye mwaka 1929 alithibitisha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika, kama David Randall-MacIver alivyokwisha kusema mwaka 1905. Serikali ya walowezi iliendelea kuwabana wataalamu waliosema ukweli huo. Mpaka leo zipo video na vijitabu vinavyowataja Wafoinike na Malkia wa Sheba. Mtu akikuanzishia hadithi hiyo, mshukuru na utafute mwingine.

Usifanye

- Usipande ukutani, hata kwa picha moja. Jiwe halikushikwa na kitu. Likitoka moja, yanayofuata hulegea.
- Usiokote kigae wala jiwe. Ni kosa la kisheria, na kigae kikitoka mahali pake hakisemi tena chochote.
- Usiogelee Ziwa Mutirikwi lililo jirani. Kuna kichocho na mamba.
- Usirushe droni bila kibali.

## Khami na Matobo

Kutoka Masvingo hadi Bulawayo ni safari ya kama kilomita 280. Lala usiku mbili au tatu.

Khami ipo kilomita 22 nje ya mji, na wageni huwa wachache. Ulikuwa mji mkuu wa dola ya Torwa baada ya Zimbabwe Kuu kufifia. Kuta zake hazizungushi uwanja. Zinashikilia majukwaa ya udongo yaliyobeba nyumba, na zimepambwa kwa mawe yaliyopangwa mithili ya ubao wa drafti. Saa tatu zinatosha.

Matobo ipe siku nzima. Asubuhi fuata faru na askari wa hifadhi. Mchana nenda mapango ya Nswatugi na Pomongwe kuona michoro ya Wasani. Pomongwe ina somo linalouma. Katika miaka ya 1920 watu walipaka mafuta juu ya michoro wakidhani wanaihifadhi, na sehemu kubwa ikaharibika bila kurudi. Kwa hiyo usiguse, usimwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha, usitumie mwanga wa kamera.

Ndani ya vilima hivyo kuna mahali patakatifu pa kuombea mvua panapoitwa Njelele. Usiende bila ruhusa ya wazee wenye mahali. Kaburi la Cecil Rhodes nalo lipo juu ya mwamba wenye mandhari nzuri. Kama moyo hautaki kulipa kuliona, kuna miamba mingine mingi ya kukaa kutazama jua likizama.

## Hwange: kaa mahali pamoja

Hwange ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 14,000, na sehemu kubwa haina mto wa kudumu. Maji ya kiangazi hupigwa kwa pampu kutoka ardhini hadi kwenye malambo. Pampu zikilemewa na ukame, wanyama hufa: mwaka 2019 tembo zaidi ya 200 walikufa nchini humo. Ukielewa hilo, umeelewa namna ya kuona wanyama. Nenda kwenye maji, zima injini, ngoja.

Karibu na Main Camp kuna lambo la Nyamandlovu lenye jukwaa la kutazamia. Nenda saa tisa alasiri na maji ya kunywa, darubini na kitabu. Kwa muda mrefu kutakuwa na pundamilia na ndege tu. Kisha, jua likielekea kushuka, vumbi huinuka upande wa miti, na kundi la kwanza la tembo linatoka likitembea haraka, majike mbele, ndama wakikimbia kutafuta nafasi. Wakubwa husukumana kwenye mdomo wa bomba, kwa sababu maji yanayotoka ndiyo safi. Wasiokuwa na cheo kwenye ukoo hunywa tope pembeni. Anayekaa hapo saa mbili hujifunza zaidi kuliko anayezunguka na gari siku nzima.

Hesabu usiku tatu. Zikipungua, utakuwa umelipia barabara tu.

Ukiwa na gari lako

- Usishuke, isipokuwa mahali palipoandikwa kuwa panaruhusiwa.
- Usimkate tembo njia, na usijiingize kati ya mama na ndama.
- Tembo akitandaza masikio, akitikisa kichwa na kupuliza, anakuonya. Usipige honi. Rudi nyuma polepole, mpe nafasi.
- Ondoka kambini na mafuta, maji na tairi la akiba lililokaguliwa. Mtandao wa simu haupo kila mahali.
- Fahamu saa ya kufungwa geti, na anza kurudi mapema.

Ukilala kwenye hema

Machungwa na matunda yoyote yasiingie hemani. Tembo huyanusa kutoka mbali na hema halimzuii. Funga zipu muda wote, na usiku ukisikia kitu nje, kaa ndani. Viatu viingize, maana fisi hutafuna ngozi.

## Kutembea kwa miguu porini

Hili ndilo jambo ambalo ningelilipia kabla ya hoteli nzuri. Zimbabwe ina mtihani mgumu wa waongozaji. Leseni kamili huchukua miaka ya mafunzo, na anayejifunza bado haruhusiwi kukutembeza kwa miguu kwenye wanyama wa hatari. Kwa hiyo:

1. Omba kuona leseni. Mtaalamu wa kweli hachukii.
2. Vaa kahawia au kijani kilichofifia. Nyeupe na nyekundu ziache.
3. Tembeeni mstari mmoja, kimya, simu zimezimwa sauti.
4. Akisema simama, simama. Akisema usikimbie, usikimbie hata moyo ukitaka kutoka. Anayekimbia mbele ya simba humwita.

Watoto wadogo huwa hawaruhusiwi. Usibishane na kampuni juu ya hilo, wala usidanganye umri.

## Victoria Falls kwa kifupi

Maporomoko yana upana wa mita 1,708, na upande wa Zimbabwe ndio unaoyaona karibu yote. Funika simu na pasipoti kwa mfuko wa nailoni, maana maji hukurukia. Ficha chakula, nyani wa pale hunyang'anya mkononi. Usitembee kando ya Mto Zambezi jioni wala usiku: kuna viboko na mamba, na tembo huingia hadi mitaa ya mjini.

## Vitu vidogo vinavyoleta kesi kubwa

- Nguo za mabaka ya kijeshi. Zimbabwe raia haruhusiwi kuzivaa, na Zambia vivyo hivyo. Hata kofia, hata begi, hata kaptula ya mtoto. Ziache nyumbani.
- Picha za askari, ikulu, vizuizi vya polisi na viwanja vya ndege. Weka kamera chini.
- Pembe, meno na ngozi za wanyama. Usinunue, hata ukionyeshwa karatasi. Vinyago vya mawe ni vizuri na ni halali, tunza risiti.

## Afya

"Sisi tumezoea malaria" ni kauli inayoua. Kinga ya mwili hupungua kwa anayeishi Nairobi, Muscat au London, na hata wa Tanga au Mombasa si salama. Hwange na bonde la Zambezi kuna malaria. Muone daktari kabla ya safari akupe dawa za kinga, na jioni vaa mikono mirefu. Ukipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikokuwa. Umeme hukatika mara kwa mara, kwa hiyo mwenye dawa zinazohitaji baridi aulize hoteli kama ina jenereta.

## Maswali mawili yanayobaki

Kiswahili kitanisaidia? Kidogo sana. Kiingereza kinatosha, na salamu ya Kishona, mhoroi, hufungua nyuso. Ila usishangae mzee akikujibu kwa Kiswahili: wapiganaji wengi wa ukombozi walifunzwa Tanzania, wakiwemo wa kambi ya Mgagao, Iringa. Ukikutana naye, kaa umsikilize. Hakuna mwongozaji atakayekupa hayo.

Naweza kwenda peke yangu kama mwanamke? Wanawake wengi husafiri peke yao huko. Tumia teksi iliyoitwa na hoteli, fika mijini kabla ya giza, na Hwange jiunge na kundi la kambi badala ya kuendesha peke yako.

## Ukiwa na siku chache

Safari kamili inataka siku 11: moja ya Harare, tatu za Masvingo, tatu za Bulawayo, tatu za Hwange, moja ya Victoria Falls. Usizibane ziwe saba huku ukitaka kuona vyote, utaona lami.

Ukiwa na siku saba, acha Hwange na maporomoko. Lala Masvingo usiku tatu, Bulawayo usiku tatu, na faru wa Matobo watakutosha kwa upande wa wanyama. Ukiwa na tano, acha Bulawayo pia. Zimbabwe Kuu usiiache.